“Hiyo kanuni ya wapi?” Haydn dirishani kwangu siku ya Ijumaa Kuu

Kwa asojua taratibu zetu Wakatoliki ngoja nianze na hili. Kuanzia Alhamisi Kuu usiku ukishaimbwa Utukufu, mpaka Mkesha wa Pasaka unapoimbwa tena, kinanda kanisani kinanyamaza. Kengele hazipigwi, tunagonga kibao. Kinanda ukikigusa ni kidogo tu kuwashikilia waimbaji wasipotee, lakini kupiga peke yake hakuna, utangulizi hakuna, kumalizia hakuna. Na mimi ndo mpiga kinanda, kwahiyo kila mwaka siku hizo nakaa kwenye benchi langu watu wanaimba kavu na vidole vyangu vinatembea vyenyewe juu ya paja, sina pa kuvipeleka.

Ijumaa Kuu ya 2024 iliangukia tarehe 29 Machi na Ramadhani ilikuwa katikati. Mchana wa Ramadhani Mji Mkongwe mnaujua ulivyo, mikahawa imefungwa, vichochoro vimepoa, mtu anakwenda na shughuli zake taratibu asije akajichosha. Na sie nasi siku hiyo tumefunga. Ibada ya Mateso ilianza saa tisa, tumetoka joto liko pale pale, lile la mwisho wa kaskazi ambapo masika yanatishia tu hayaji, nikapanda ghorofani kwangu, nikafungua dirisha la upande wa kichochoroni, nikajitupa kwenye mkeka.

Kwenye simu nlikuwa na rekodi nloipakua siku mbili nyuma kwa wifi ya kazini. Ni ya Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria, inaitwa Maneno Saba ya Mwisho ya Mkombozi Wetu Msalabani. Lakini si ile ya orkestra wala ile ya fidla mbili na viola na chelo ambayo nlikuwa naijua zamani, hii ni ya kinanda kimoja, mtu mmoja peke yake, Mholanzi anaitwa Ronald Brautigam, imetolewa na kampuni ya BIS ya Sweden. Karibu saa nzima ya muziki. Nlikuwa nimeiweka makusudi kwa siku ile, mana nlijiambia kama kinanda cha kanisani kimenyamaza basi angalau nimskie mwengine akipiga nyumbani, tena akipiga maneno yale yale tuloyasoma saa tisa.

Hadithi ya muziki huu naipenda sana kwahiyo mnivumilie niieleze kidogo. Kule Cádiz, mji wa Hispania ulozungukwa na bahari karibu pande zote, mji wa bandari na meli kama wetu, kulikuwa na kikanisa cha chini ya ardhi kinaitwa Santa Cueva, na padri wao alimuagizia Haydn muziki wa Ijumaa Kuu. Haydn wakati huo yuko kwao huko mbali, hajapata kukanyaga Cádiz. Miaka mingi baadae, mwaka 1801, alieleza mwenyewe ibada ile ilivokuwa: kuta, madirisha na nguzo zote zimefunikwa kitambaa cheusi, taa moja tu kubwa inaning'inia katikati, saa sita mchana milango inafungwa, askofu anapanda mimbari anatamka neno moja katika yale saba, analieleza, anashuka anapiga magoti mbele ya altare. Hapo alipopiga magoti ndo muziki unaingia. Muziki ukiisha askofu anapanda tena kwa neno la pili, na hivo hivo mpaka la saba. Yani kazi ya Haydn ilikuwa kujaza ule muda ambao mtu kapiga magoti kanyamaza. Na alikiri kwamba haikuwa kazi nyepesi kuandika vipande saba vya polepole mfululizo, kila kimoja kama dakika kumi, bila kumchosha msikilizaji.

Ukijumlisha kuna utangulizi, sonata saba, yani kipande kimoja kwa kila neno, na mwisho kabisa tetemeko la ardhi, lile la Injili ya Mathayo. Hilo ndo la pekee linalokwenda mbio, vyengine vyote ni polepole. Na nikifikiria, wale watu wa Cádiz hawakuhitaji kuelezwa tetemeko ni nini, mana mwaka 1755 lile la Lisbon kule Ureno lilivuka likawaletea mawimbi ya bahari mpaka mjini kwao. Wazee waliokaa kwenye giza lile miaka thelathini baadae walikuwa wanalikumbuka kwa macho yao.

Sasa hii ya kinanda ilitokea hivi. Mwaka 1787 wachapaji Artaria wa Vienna walichapa muziki huu kwa orkestra, na kwa fidla mbili, viola na chelo, na kwa kinanda pia. Toleo la kinanda hakuliandika Haydn kwa mkono wake, alilitengeneza mtu mwengine, lakini Haydn aliletewa akalikagua akalisifu kwenye barua mwaka ule ule, kwamba limefanywa vizuri na kwa uangalifu. Nna sababu ya kulisema hili, kuna watu wakiskia si mkono wa Haydn wanalidharau, wanaona kama fotokopi. Mie sioni hivo hata kidogo. Wakati ule hakuna redio hakuna simu, mtu alotaka kuuskia muziki huu nyumbani kwake njia yake ni kukaa kwenye kinanda aupige, kwa vidole vyake, na nafikiri kuna kitu kinatokea ukiubeba mwenyewe peke yako ambacho hakitokei wakiugawana watu ishirini.

Basi nikavaa spika za masikioni. Ya kushoto imekufa zamani, ya kulia nayo siku ile ikaanza kukatakata, ikawa inaskika nusu na nusu haiskiki. Nikazichomoa. Kupiga muziki kwa sauti mchana wa Ramadhani si adabu na sijawahi kufanya hivo maisha yangu yote nlozaliwa hapa, kwahiyo nikaishusha mpaka chini kabisa nikaiweka simu kwenye kizingiti cha dirisha karibu na skio langu, nikafumba macho.

Ukiskia mwanzo tu utajua kinanda hiki si piano mlizozizoea. Brautigam anapiga fotepiano, kinanda cha namna walokuwa nacho kina Haydn wenyewe, kilichoundwa upya siku hizi kwa kufuata vya fundi Walter wa Vienna. Fremu ni mbao tupu hakuna chuma, nyundo ni ndogo zimevikwa ngozi badala ya sufi nzito, nyuzi nyembamba, pedali za miguu hakuna, kuna mti wa kusukuma kwa goti. Vya aina hii vingi vilikuwa na oktava tano. Nlipolijua hili nlifurahi kama mtoto, mana oktava tano ni funguo 61, na vinanda vyetu hivi vya umeme tunavopigia makanisani ni funguo 61 hizo hizo. Miaka yote hii nlikuwa nalalamika sina funguo za kutosha.

Lakini jambo kubwa kuhusu kinanda hiki ni kwamba sauti yake inakufa upesi. Unagonga, inalia, inaondoka. Piano ya kisasa ukishika ufunguo sauti inakaa kaa, hii hapana. Sasa fikiria muziki wa polepole namna ile, ulotungiwa fidla ambazo zinaweza kuvuta upinde sauti ikakua badala ya kupungua, unaupeleka kwenye chombo ambacho kila nota ikizaliwa tu inaanza kuondoka. Kwa akili yangu ya kwanza nlijua haitowezekana, itakuwa mashimo matupu.

Nikafika sonata ya kwanza, “Baba, uwasamehe”, ya pili ikapita, ya tatu (hii ya tatu, “Mama, tazama, mwanao”, bado naipenda zaidi kwa fidla, kuna utamu wa mama na mtoto pale ambao kinanda hakiufikii, nasema kweli), ya nne ikapita. Ya tano ikaanza. Hapo ndo nkaskia sauti kutoka chini kichochoroni.

“Wee mwanangu! Hiyo kanuni ya wapi?”

Chini ya dirisha langu kuna baraza na jirani yangu, mzee wa makamo ya babu yangu, alasiri zote za Ramadhani anakaa pale na tasbihi yake akingoja magharibi. Ujanani alikuwa mpiga kanuni wa taarab, ile ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa, si kanuni ya sheria, na taarab yenyewe ile ya kukaa kitini na suti, na mpaka leo ukipita na simu inalia muziki atakwambia hiyo imepigwa sawa au haikupigwa sawa. Moyo ukanishtuka nikajua nimemkera. Nikasimama dirishani nikamwambia shikamoo babu, samahani sana, naizima sasa hivi.

“Marahaba. Nani kakwambia uizime? Nimeuliza kanuni ya wapi.”

Nkamwambia si kanuni babu, ni kinanda cha kizamani cha Ulaya. Hakukubali. Akasema teremka nayo. Nikateremka na simu nikakaa kwenye baraza upande wake, nikaiweka katikati yetu, chini chini, ikawa ukipita hatua tatu huiskii.

Ya tano ni “Naona kiu”. Kwenye toleo la ala za nyuzi wanadonoa nyuzi kwa kidole badala ya upinde, na kwenye kinanda inakuwa vitone vikavu vimekaa mbali mbali, na juu yake sauti inashuka, fupi sana, kama mtu anayeomba kitu na hana nguvu ya kumaliza sentensi. Muda mrefu ni vitone tu. Ni maji yanadondoka mahali na wewe huyafikii. Alafu ghafla inavamia kwa nguvu, mikono yote miwili, sauti zinagombana, chungu kama ile siki alopewa, na baadae vinarudi vile vitone. Saa kumi na moja na ushee ya Ramadhani, wazee wawili wamepita pale midomo imekauka, mie mwenyewe tangu alfajiri sijanywa hata tone. Sijapata kuskiliza muziki wowote duniani mahali panapoufaa kama pale.

Mzee hakusema kitu mpaka ikaisha. Alafu akauliza inaitwaje. Nkamwambia. Nlisita kidogo, nikamueleza ni maneno ya Bwana Yesu msalabani, saba, na hili ni la tano, la kiu. Akatikisa kichwa taratibu akasema, “Hayo ni ya kwenu, na sie tuna yetu juu ya Nabii Issa, tusiingie huko. Lakini huyu anopiga ana adabu. Skia, anaiacha sauti iende.”

Nikamuuliza ana maana gani, na hapo ndo akanipa somo ambalo kwenye miaka yangu yote ya kinanda sikupata kulipewa. Akasema fidla ina upinde, nai, ile filimbi, ina pumzi, muimbaji ana kifua, hao wote wakitaka sauti ikae wanaikalisha. Kanuni haina. Ukishaudonoa uzi umeudonoa, hiyo sauti si yako tena, imeshaondoka, kazi yako ni kuamua ya pili inakuja lini. “Sie tulipokuwa vijana tukiogopa ule uwazi. Fidla zikinyamaza tu tunachapa, mkono wa kulia wa kushoto wa kulia wa kushoto, tunaujaza. Mwalimu wetu akitutazama tu. Siku moja akanshika mkono juu ya nyuzi, akanambia ngoja. Basi nikangoja, na watu ukumbini wakanyamaza kabisa, wakaanza kuskiliza.” Akaishia hapo, akarudi kwenye tasbihi.

Ya sita ikaingia. “Yametimia.” Inaanza kwa sauti tano nzito, mikono yote inapiga kitu kimoja, hakuna kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) hakuna mapambo. Hapa nataka niwaambie kitu nlichokigundua mwenyewe na kikanifanya nilie pale barazani mbele ya mzee wa watu. Katika toleo la kwanza la ala za nyuzi, maneno ya Kilatini yalichapwa chini ya nota za fidla ya kwanza mwanzoni mwa kila sonata. Hayaimbwi, yako pale tu chini ya mstari, anaepiga ajue anasema nini. Yani fidla inalitamka neno. Kwa Kilatini neno la sita ni “Consummatum est”, silabi tano. Sauti tano, silabi tano. Sasa hesabu la kwetu: Ya-me-ti-mi-a. Tano! Sina habari kama kuna mtu alishawahi kulikalisha lakini linakaa, linakaa kama limeshonewa pale, nlikuwa nalisema kimoyomoyo bila kukusudia na nikashtukia limekwisha pamoja na sauti ya tano.

Biblia ya zamani inasema “Imekwisha”, hiyo ni nne, inapungukiwa moja. Nikarudi nyumbani usiku nikajaribu na mengine. “Pater” ni mbili, “Baba” ni mbili, sawa sawa. “Deus meus, Deus meus” na “Mungu wangu, Mungu wangu”, nane nane, unaweza kuimba Kiswahili chote pale bila kugusa nota hata moja, na ile F maina yake, ngazi ya sauti za huzuni, inavozama, basi. “Sitio” ni tatu na “Naona kiu” ni tano, haikai, lakini ukiacha “naona” ukabaki na “kiu” peke yake ukaivuta kidogo inakaa vizuri kuliko hata Kilatini, mana neno lenyewe ni fupi na kavu. La saba ndo sikuliweza, “mikononi mwako naiweka roho yangu” ni refu, linahitaji mtu wa lugha kulishughulikia. Wanaotunga nyimbo za kanisa humu mkisoma hii naomba mlijaribu, sitanii.

Nirudi barazani. Ya saba iko kwenye ngazi ya E bemoli meja, kwa fidla hapa wanaziba sauti ziwe za mbali. Kwenye kinanda hiki hakuna fidla za kuziba, kuna mtu mmoja tu anazidi kugusa kwa wepesi, na kila sauti inaondoka kabla hujaitosheka. Na pale ndo maneno ya mzee yakaniingia. Mie nlikuwa nahesabu kufa kwa sauti ni kasoro ya chombo, kitu cha kuvumilia. Lakini neno lenyewe la saba ni la mtu anaeachia. Anaiweka roho mikononi mwa Baba yake na haishiki tena. Fidla inaweza kuivuta ile nota ya mwisho itakavyo, kinanda hakina budi kuiachia, na nimeona kinanda ndo kinasema kweli zaidi hapo. Hilo ndo lilonifanya nikae niandike yote haya.

Alafu tetemeko bila hata kupumua, sonata ya saba haijapoa linaingia, C maina, mbio, kwa nguvu zote, ile Haydn kaandika kabisa kwa nguvu zote. Kwenye orkestra linatisha kwa ukubwa wake. Kwenye kinanda kidogo cha mbao linatisha kwa sababu nyengine, unakiskia chombo chenyewe kinatikisika, mbao na nyuzi, kama kinaweza kuvunjika. Chini ya dakika mbili limekwisha. Mzee akasema “La ilaha illallah” akakaa kimya. Dakika kidogo adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa karibu, ukafuatia wa pili, wa tatu, mjukuu wake akaja na tende na bilauri ya maji na kikombe cha uji wa pilipili manga, akanigawia tende nikamwambia babu nami nimefunga leo, nikala nae.

Baada ya futari na sala alinipandisha kwake akanionesha kanuni yake. Iko juu ya kabati imefunikwa shuka. Nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, nyengine zimekatika hazikurudishiwa, vidole vyake vina baridi yabisi hawezi tena kuvaa zile pete za kudonolea. Lakini alinivisha mimi, akanambia donoa huu, nikadonoa, akanambia ngoja, nikangoja, skiliza inavoondoka, nikaskiliza. Nafikiri tulikaa nusu saa nikidonoa uzi mmoja mmoja.

Kuhusu Haydn kuna kitu chengine naona wengi hawakijui, alikuwa mtu wa sala kweli kweli. Kazi zake nyingi alianza kwa kuandika juu “In nomine Domini” na mwisho akaandika “Laus Deo”, sifa kwa Mungu. Na Griesinger, alomjua uzeeni mwake na kuandika habari zake, anasimulia kwamba Haydn akikwama katika kutunga alikuwa akienda na kurudi chumbani na rozari mkononi, anasali, mpaka mawazo yarudi. Nilimsimulia mzee hili siku nyengine. Akanyanyua tasbihi yake akanionesha, akacheka.

Sasa nakuja kwenye yangu. Miaka yote kanisani kila nikipiga kitu cha polepole, baada ya komunyo kwa mfano, nlikuwa nachanganya sauti ya piano na ile ya “stringi”, yani ya fidla nyingi, ya nyuma ili isikatike, iwe inaelea elea, na pedali nimeikanyaga mwanzo mpaka mwisho. Hakuna alonilazimisha, ni mie mwenyewe nikiona kimya kikiingia naona kama nimekosea. Tangu Pasaka ile nimeitoa stringi. Napiga piano tupu, na pedali nainyanyua. Domenika ya kwanza mikono ilikuwa inanitetemeka, mana sauti ikiisha inaisha kweli, unaskia feni, unaskia mtu anakohoa, unaskia kunguru nje. Mama mmoja mtu mzima alinifuata nje baada ya misa akanshika mkono akanambia leo nimeweza kusali. Hakusema kuhusu kinanda, sidhani hata kama alijua nimebadilisha kitu.

Anaetaka kuipiga, nota za toleo la kinanda zinapatikana bure mtandaoni mana zimeshapitwa na haki zote, mie nlizitoa kwa fotokopi pale mjini. Si ngumu kwa vidole, mtu alopita kidogo kwenye shule ya muziki, au alojifunza kwa mwalimu wa kwaya akawa anasoma nota za mistari na si solfa peke yake, ataziweza nyingi isipokuwa tetemeko. Ugumu wake ni kwenye kwenda polepole. Angalia mkono wa kushoto wa sonata ya kwanza, unapiga kodi ndogo ndogo zinazorudiarudia kama mapigo ya moyo, na hapo ndo siri ya alotengeneza toleo hili ilipo: sauti ya juu inapokufa mapigo ya chini yanaibeba kidogo mpaka ya pili ifike. Usiyapige kwa nguvu. Mie nlianza kwa nguvu ikawa kama ngoma.

Na kama hupigi, unataka kuskiliza tu, usiiskilize ukiwa unapika au uko kwenye daladala. Tafuta saa moja. Baada ya kila sonata isimamishe kidogo, ufungue Injili, usome lile neno linalofuata kwa sauti yako mwenyewe, kama askofu wa Cádiz, alafu uendelee. Nimefanya hivo mwaka ulofuata na imebadilika kabisa, kumbe muziki huu ulitungwa usubiri neno, ukiupiga mfululizo bila maneno unakuwa kama majibu bila maswali.

Mzee bado yupo alhamdulillah, anaumwa miguu tu. Nimeshamtafutia nyuzi za kanuni, kuna mtu ananiletea kutoka Cairo inshallah mwezi ujao. Amenambia zikifika nimpigie ile ya tano kwa kanuni, vile vitone mkono mmoja na sauti inayoshuka mkono wa pili. Nimeanza kuinakili kwa penseli, na sehemu ya katikati pale panapovamia bado sijui ntaipigaje.